Injini Ikiwa Baridi

Nilimwambia dalali: nakuja saa kumi na mbili,
kabla jua halijaigusa Pasua,
na injini usiiwashe.
Akacheka. Mama, gari si uji.

Nilifika, nikaweka mgongo wa kiganja kwenye boneti.
Ina joto.
Joto la mtoto aliyepewa panadoli mlangoni
ili nikimpima nisione homa.
Miaka thelathini na moja ya wodi, zamu za usiku:
Mfinanga, watoto hawa nawajua,
na mama zao nawajua zaidi.

Basi tukakaa, tukasubiri ipoe.
Yeye na simu zake mbili, mimi na chupa yangu ya chai,
na Ndekirwa fundi chali chini ya chesisi,
anagonga kwa mpini wa bisibisi, anasikiliza,
kama mnunuzi wa tikiti maji Kiboriloni.
Penye chuma panajibu.
Penye kutu iliyopakwa rangi pananyamaza,
kisha vumbi jekundu linamwagikia nyusi zake.
"Hili limekaa pwani," akasema kutoka huko chini.
"Tanga, mara moja tu," akasema dalali. "Harusi."

Ndani: kitanda cha kukunja, jiko la plati mbili,
sinki la ukubwa wa kofia,
mapazia yenye twiga wasiofanana na twiga.
Nikalala. Gari la kulala halinunuliwi kwa kusimama.
Nikaona doa darini, umbo la Ziwa Jipe,
kingo zake kahawia.
Nikalibonyeza. Likabonyea kama mguu uliojaa maji,
alama ya kidole ikabaki.
Mvua imeshalala humu kabla yangu.

Na kwenye mlango wa kabati, penseli:
mistari mifupi, tarehe, mtoto aliyekuwa akirefuka.
Wa mwisho unanifika kiunoni.
Wenyewe wamerudi Uholanzi na mtoto,
urefu wake wameuacha.
Hili halimo katika orodha ya Ndekirwa.
Nikalifunga kabati polepole.

Kwa nini otomatiki? Mfinanga aliuliza, kuua muda.
Goti langu la kushoto limegomea klachi.
Na kwa nini la kulala?
Nimezaliwa Kibosho, nimezeekea Njoro,
mlima nimeuona upande mmoja
kama sarafu iliyogundishwa mezani.
Nataka niuzunguke: Marangu, Rombo, Tarakea,
Kamwanga, niteremkie Sanya Juu,
nilale giza linaponikuta,
niamke niuone mgongo wake.
Hakuuliza tena.

Saa mbili na nusu. Kiganja: baridi.
"Washa."
Ikakataa. Ikakohoa. Ikakataa. Ikawaka.
Mji wetu una jina lake, nasi tunausoma:
moshi mweusi ni mlafi, anakula dizeli hatafuni;
wa bluu anakunywa oili kwa siri;
mweupe wa asubuhi husamehewa, ni umande, dakika moja.
Nikatazama saa yangu ya kifuani, ile ya wodini.
Moja. Mbili. Nne.
Mweupe bado, na puani mtamu.
Ndekirwa hakusema neno. Alinitazama
kama daktari anavyomtazama muuguzi
ndugu wa mgonjwa wakiwapo.

Tukalipandisha barabara ya Kibosho hata hivyo.
Gia ya kwanza, ya pili, halafu pengo:
injini inapiga kelele, gari linafikiri,
ya tatu ikaingia kwa teke.
Fundi akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi,
akanusa, akaninusisha.
Mkate ulioungua.
Ilipaswa kuwa nyekundu kama juisi ya rosela.
Hii ni kahawa. Kahawa Kibosho, sawa,
lakini si humo.

Mfinanga alipunguza milioni mbili sijafungua mdomo,
na nyingine moja tulipofika Shanti.
Bei inayoteremka bila kusukumwa,
nayo ikague breki.

Sikulinunua.
Lakini kila alfajiri simu inalia:
"Mama, leo sijaliwasha. Njoo ulishike."
Nami, sijui kwa nini, nakaa kitandani,
naweka mgongo wa kiganja kwenye goti la kushoto.
Baridi.
Dakika moja. Mbili. Nne.
Halafu natafuta viatu.