Umeme wa Saa Nane

Mchana miguu ni yangu.
Inakanyaga cherehani pale Nyawera:
sare za shule, mapazia ya parokia,
gauni la bibi harusi anayenenepa kila akija kupimwa.
Nikiiambia simama, inasimama.

Giza likishaingia Cimpunda,
nikishajinyoosha na kuvuta blanketi,
ndipo inapokumbuka kuwa ina safari.

Je, ni maumivu? aliniuliza dokta Murhula.
Nikatafuta neno.
Si kuuma. Si ganzi. Si kuwasha.
Ni soda iliyotikiswa, ikamiminwa ndani ya mfupa.
Ni mtu anayekuita jina ukiwa jikoni:
ukitoka, hayupo; ukirudi, anaita.
Akaandika neno moja la Kifaransa.
Fupi mno, niliona,
kwa usiku mrefu namna ile.

Mama mkwe alinifunga kamba ya mgomba vifundoni.
Kanisani walinifungisha siku tatu, njaa ikaongezeka juu ya miguu.
Bagalwa, mume wangu, alihamia mkekani mwaka wa pili.
Hakukasirika. Alisema tu,
"Mke wangu, unapiga penalti usiku kucha,
na mimi si kipa."

Damu ilipopimwa, wakasema chuma kimepungua.
Chuma!
Mimi ninayeshinda nikikanyaga chuma tangu usichana!

Basi nikaanza kukirudisha, punje kwa punje.
Vidonge na maji ya ndimu. (Vinafunga tumbo, hilo hawakuniambia.)
Lengalenga. Sambaza, na vichwa vyake.
Maini, mwezi ambao wateja wamelipa.
Chai nimeisogeza mbali na chakula,
kahawa nimeiachia wenye usingizi.
Kabla ya kulala, beseni la maji baridi,
kisha Bagalwa ananikanda ndama za miguu
kama anakanda unga wa mikate, huku akisinzia yeye.

Inasaidia. Haiponyi.
Miaka kumi na moja najua tofauti ya maneno hayo mawili.

Na huku kwetu umeme huja kama mwizi:
saa nane, saa tisa, hukaa kidogo, huondoka.
Wa kwanza kuuona ni mimi,
niliye kwenye hatua ya mia ngapi sijui,
kumi na nne hadi jikoni, kumi na nne kurudi.
Nagonga mbao kwa Kashosi, fundi wa redio.
Nagonga kwa mama Ansima, kwa wanafunzi wale wawili.
Umekuja! Amkeni!
Mtaa mzima unaanza kunuka pasi,
simu zinaitikia moja moja,
na miguu yangu imetulia kabisa,
kwa kuwa inatembea.

Alhamisi iliyopita nililala.

Sijui nieleze vipi. Si ule wa mang'amung'amu
ninaoujua kama mfuko wa sketi yangu.
Nililala kama jiwe lililotupwa Kivu.
Nilipofumbua macho, jua lilikuwa juu ya meza,
na Kashosi alikuwa mlangoni,
shati limekunjamana, simu imezima.
"Mama Nsimire, umeme ulikuja, ukaondoka.
Hukutuamsha. Kulikoni?"
Nyuma yake watu walikuwa wakiteremka kilima
wamevaa makunyanzi.
Nilitaka kuomba radhi.
Kinywa kikakataa, kikacheka,
kikacheka mpaka Bagalwa akaamka mkekani,
akauliza nani amefunga goli.

Ijumaa miguu ikarudi. Nilijua itarudi.
Nikaiambia, haya, twende.

Ila Kashosi amenunua saa ya kengele,
ya kuzungushwa kwa mkono, iliyotumika.
Anasema ni tahadhari,
usiku ule usije ukanijia tena bila kupiga hodi.
Ameiweka upande wake wa ukuta.
Naisikia nikipita:
tiki, tiki, tiki,
nayo imekesha,
nayo haina pa kwenda.