Tobo Lisilo Uzi

Kwanza walimpunguzia salamu.
Si kwamba walimnyima: waliitoa bila mkono,
kama mtu atupaye maganda bila kuangalia jaa.
Kisha wakampunguzia jina.
Shekuwe bin Famau, wa Langoni, mshona kofia,
akawa Shekuwe Sanda,
kisha Sanda tu,
hata watoto waliozaliwa baadaye wakadhani
ndivyo mamake alivyomwita.

Alikuwa ameiba, tusifichane.
Elfu tisa na mia nne, fedha za chama cha maziko,
kwenye sanduku la bati chini ya ngazi za msikiti.
Hakukana. Alisimama baada ya alasiri,
kanzu ina doa la chai kifuani,
akasema, "Nimetwaa mimi," akaketi.
Tungemsamehe, nadhani, lau angelia.
Mji huu hupenda mkosaji mwenye machozi.

Miaka sita.
Akikaa barazani, matako yalisogea;
nafasi aliyoachiwa ingetosha punda na shehena yake ya mchanga.
Duka la Twalibu likakumbuka ghafla
kwamba halikopeshi.
Mkewe, Mwana Jaka, akipeleka futari kwa jirani,
sahani ilirudi imeoshwa, tupu,
na sahani tupu, kwetu, ni barua.

Yeye alishona. Ghorofani, dirishani,
panapoingia mwanga wa kiganja kimoja kutoka uchochoroni.
Kofia ya vito ina matobo ambayo sijawahi kumaliza kuyahesabu,
na kila tobo huzungushiwa uzi
mpaka jicho la mshonaji liwake moto.
Hapa hakununua mtu.
Kila mwezi alikuja Badi, dalali wa Mombasa,
akazibeba ndani ya mfuko wa unga,
asiulize kitu ila bei.

Idi moja, wanaume wa mji wakaagiza kofia Mombasa.
"Hii kazi ya Siyu," walisema, "mikono ya zamani,
siku hizi hakuna tena watu wa kushona hivi."
Walilipa mara tatu.

Nilikuwa safu ya pili.
Mbele yangu kisogo cha Mzee Mbwarali,
yeye aliyetema mate siku ile,
na kwenye ukingo wa kofia, nyuma ya sikio la kulia,
tobo moja halina uzi.
Nililijua tobo lile.
Bibi Mwanashee alitufundisha pamoja, mimi na Shekuwe,
tungali na meno ya maziwa.
Mimi niliacha, vidole vizito.
Yeye aliambiwa: bakisha moja, ukamilifu si wetu.
Ilinipasa nimhofu Mola. Nikahesabu vichwa.
Kumi na saba, safu ya kwanza peke yake.
Hata cha imamu.

Nilimnong'oneza mtu mmoja. Lamu, mmoja watosha.
Kabla biriani haijaiva habari ilikuwa imefika Mkomani
na kurudi, imetiwa chumvi.

Mzee Mbwarali aliivua yake mbele za watu,
akaielekeza kwenye mwanga, akachungulia
kama achunguliaye tundu la kufuli la nyumba yake mwenyewe.
Tulingoja aitupe.
Akaipangusa. Akaivaa.
"Imenikaa," alisema.

Hakuna aliyeomba radhi. Msiniulize ilikuwa lini hasa.
Twalibu alikumbuka kwamba hukopesha.
Sahani ya Mwana Jaka ilirudi na visheti vitatu.
Mtu akaita chini ya dirisha:
"Shekuwe! Ya mwanangu utanishonea lini?"
na jina likapita uchochoroni zima, na miguu yake yote.
Leo ukiuliza, kila mmoja atakuapia
yeye hakuwahi kumwita vile.

Shekuwe hakubadilika.
Salamu za moto alizijibu kama zile za baridi,
sauti ile ile, macho kwenye sindano.

Nami naandika haya kwa sababu moja.
Mwaka mmoja kabla ya kisa chake, ufunguo wa sanduku ulikuwa kwangu.
Nilitwaa elfu mbili. Alhamisi.
Jumapili nilizirudisha; hesabu ilifanywa Jumatatu.
Hiyo ndiyo tofauti yangu na yeye: siku moja,
na kofia ambayo, hata sasa,
sijathubutu kumwomba anishonee.