Ankara za Maji

Huku kwetu Lubumbashi parachichi huitwa avoka,
na wakili naye huitwa avoka.
Wa kwanza mama aliupanda uani, Katuba,
miezi michache kabla hatujafukuzwa.
Wa pili tumemkodi kwa dola mia tatu, nusu mkononi.
Mpaka leo nasikia uliozaa ni ule wa uani tu.

Kesi imeahirishwa mara kumi na moja.
Hakimu wa kwanza alihamishwa, wa pili alistaafu,
wa tatu ana macho ya mtu aliyelala vizuri.
Anauliza: "Warithi wa Badibanga, hati iko wapi?"

Hati, Mheshimiwa, ilishonewa ndani ya mto,
na mto ulikuwa chini ya kichwa cha bibi
pale stesheni, juu ya saruji, wiki ya tatu ya kungoja treni,
mwaka wa tisini na tatu, tulipogeuka wadudu
vinywani mwa watu tulioazimana nao chumvi.
Bibi alizikwa na mto wake. Mvua ilikuwa inanyesha.
Nani angekumbuka kupapasa pamba?

Baba alikuwa fundi wa breki, wa reli.
Alilitambua behewa lililotuchukua.
"Hili nimelitengeneza mimi, mwezi wa pili," alisema.
"Halitakwama."
Halikukwama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Habari tulizipata, tena nyingi:
kwamba nyumba imepakwa kijani,
kwamba mlango wa jikoni umehamishiwa mashariki,
kwamba imeuzwa na mtu asiyeijenga
kwa mtu asiyeuliza.

Huyo asiyeuliza alikwisha kufa.
Aliyesimama leo ni mjane wake, Mama Kyabu Feliste,
miguu imevimba, kitenge chake cha kanisani.
Watoto sita amewazaa katika chumba nilichozaliwa mimi.
Avoka wake anasema cheti kikitimiza miaka miwili
huwa chuma, na chuma hakibishiwi.
Kisha, ili kuukaza msumari,
anamwomba mama afungue kopo.

Kopo la maziwa ya unga. Ndani, ankara za maji,
mia tatu na kitu, zimefungwa kwa uzi wa gunia,
ushahidi kwamba hakukosa kulipa hata mara moja,
hata mwaka wa vita, hata miezi ile
bomba lilipotoa upepo na mlio tu.
Karani anasoma ya kwanza:
Badibanga Anaklet, Katuba, namba arobaini na saba.
Ya pili: Badibanga Anaklet.
Anaruka, anachomoa ya katikati: Badibanga.
Hakuna aliyewahi kubadili jina
kwenye kitabu cha maji.

Hakimu akavua miwani.
Avoka wangu akanikanyaga mguu kwa furaha.
Mimi sikuwaza nyumba. Niliwaza foleni:
mwanamke huyu, kila mwezi, miaka thelathini,
mbele ya dirisha lenye nondo,
akiitwa kwa jina la baba yangu,
akiitika.

Na kule Mbuji-Mayi baba alikufa akiamini
hakuna tena kinywa Katuba kinachomtaja.

Tukaahirishwa, mara ya kumi na mbili,
mpaka mahakama itakapokuja na kamba kupima kiwanja.
Nje, juani, Mama Kyabu alinishika kiwiko.
"Maji yote nimelipa," alisema.
"Baba yako hadaiwi hata senti."
Sikujua kama anajitetea au ananipa pole.
Labda hata yeye hakujua.
Akapiga hatua mbili, akarudi.
"Ule mti, mliuacha ukiwa na kimo gani?"

Nikashusha mkono mpaka gotini.
Akaucheka mkono wangu, polepole, bila ubaya,
akainua wa kwake kunionyesha ulipofika sasa,
akasimama kwa vidole vya miguu ile iliyovimba,
na bado hakufika.