Koleo la Sukari

Jumapili, Leicester, sala zikiisha,
bibi yangu Hansaben huhesabu sadaka.
Sarafu kwa mkono.
Noti mpya za plastiki kwa koleo la sukari,
kama mtu anayetoa panya mtegoni.

"Ni chembe tu ya shahamu, Bibi,
haifiki hata uzito wa unywele."
"Na ng'ombe," akaniuliza, "alikufa chembe tu?"

Sisi hata kitunguu hatung'oi,
tunachelea roho za udongoni.
Leo mafuta yake yamo sandukuni,
yameingia hekaluni bila kuvua viatu.

Tuliandika barua, majina mia tatu na kumi.
Benki ikajibu: samahani, tumewasikia.
Kusikia hakuchuji mafuta.

Mvua nayo haikungoja barua ya pili.
Paa likavuja, tukaweka ndoo mbele ya madhabahu,
na Gareth, fundi wa mapaa,
hapokei hundi.

Bibi akamsukumia noti kwa koleo,
moja moja, mezani.
Gareth akalamba kidole gumba,
akaanza kuhesabu.

Akalamba tena.

Bibi akafumba macho, akameza mate,
kana kwamba ladha imempata yeye.