Kabla Barafu Haijaachia

Wassillie anang'oa mbao zenye misumari
tulizozigongomelea madirishani kumzuia dubu.
Alikuja vilevile. Kucha nne mlangoni pa stoo,
asiingie; kaondoka na ndoo tu,
ile ya bluu.

Ndani bado imefungiwa hewa ya Oktoba.
Panya wamezaa kwenye godoro la chumba cha tatu;
nawahamisha kwa koleo, pamoja na pamba yao,
hadi chini ya rundo la kuni.
Wageni ni wageni.

Bomba limepasuka palepale pa mwaka jana.
"Nilikwambia," anasema Wassillie,
na hakuwahi kuniambia.

Kwenye kopo la unga, mwandiko wa Verna:
HII SI SUKARI, USIJIDANGANYE.
Nasugua makopo yote, hilo nalipita.
Nani atawakandia mkate majira haya,
sijaulizwa, sijasema.

Usiku ziwa linaguna, linaalisha vidole.
Ndege kutoka Dillingham itatua majini Jumanne,
maji yakiwapo.
Nahesabu vikombe: kumi na vinane.
Nahesabu tena.
Cha Verna nakirudisha msumarini,
mdomo ukitazama ukuta.