Lango Hufungwa Saa Kumi na Moja

Ruwaida ndiye aliyenitoa Kibokoni kwa nguvu.
"Shangazi, maua umeyatunga miaka arubaini,
hujayazuru hata siku moja yakiwa kwao."
Nikavaa buibui, nikaliacha sinia la asumini
chini ya kitambaa chenye maji,
sindano imechomekwa ukingoni mwa mkeka.

Shilingi hamsini mtu mzima.
Kijana wa tikiti akaniuliza, "Wewe ni mkaazi?"
Mkaazi!
Kitovu changu kimezikwa si mbali na kiti chake.
Nikampa hamsini yake.

Ndani mna joto la jiko lenye birika.
Wavu mweusi juu, jua lachujwa kama tui kwenye kifumbu,
mabomba yapumua ukungu, yanyamaza, yapumua tena,
na okidi zimening'inizwa kwa waya
kwenye vifuu na vipande vya mbao,
mizizi hewani, mieupe,
kama vidole vya mtu atokaye kufua.
Haziombi udongo.
Hili lilinikera, sijui kwa nini.

Nikainamia ya kwanza, ya zambarau. Nikanusa.
Hakuna.
Ya pili, ya manjano yenye madoa ya chui,
ambayo mtunza bustani asema ni ya hapa hapa,
hujiotea juu ya mikoche ya Kwale bila kupandwa:
kidogo sana, kama sabuni ya jana.
Ya tatu nyeupe, nyuma ina mkia mwembamba wa kijani,
uzi uliosahauliwa sindanoni.
Nikanusa mpaka pua ikagusa.
Hakuna.

"Haya ni maua ya picha," nikamwambia Ruwaida.
"Bibi harusi ukimvika haya,
bwana atajuaje kuwa ameingia chumbani?"
Akacheka, akatazama nyuma kwa aibu.

Mtunza bustani, Mwatela, alikuwa akifuta majani
moja moja, kama afutaye uso wa mtoto mwenye homa.
Hakugeuka.
"Hiyo nyeupe, mama, hainukii mchana.
Yamngoja nondo, mwenye ulimi mrefu kama mkia huo.
Ikiadhiniwa magharibi, ndipo huanza.
Siku nikichelewa kutoka, shati lanukia mpaka Likoni.
Mke wangu alidhani nimeoa wa pili."

Lango hufungwa saa kumi na moja,
kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu.
"Basi nani huinusa?"
"Askari wa usiku. Naye ana mafua ya daima."

Nikasimama pale.
Asumini yangu huichuma alasiri, ingali imefumba,
naitunga imefumba, naiuza imefumba.
Hufumbuka usiku, kwenye nywele za wengine,
nyuma ya milango ya wengine.
Tangu nitoke eda sijajivalia kikuba.
Miaka tisa.
Hakuna aliyenikataza.

Saa kumi na moja tukatolewa pamoja na watoto wa shule.
Ruwaida akaita tuktuk. Nikamwambia iende zake.
Tukakaa kwenye ukuta wa nje, karibu na muuza mihogo,
mafuta yakichacharika, pilipili ikitupalia kooni,
mpaka adhana ikaanza, msikiti mmoja, kisha mwingine,
na upepo ukageuka kutoka ndani ya ule wavu.

"Shangazi, mimi siisikii."

Nyamaza basi, mwanangu.
Nyamaza ndipo uisikie.