Mkonge wa Hiari

Ankara ya maji ya Julai niliisoma nimesimama,
kisha nikairudia nimekaa.
Dola mia na tisini na moja.
Zaidi ya nusu ilinywewa na ukoka,
ukoka usio na mbuzi wa kuula,
ambao kila Jumamosi niliuchomea petroli
kuukata, ili uote, ili niukate.

Albuquerque haina mvua ya kugawa.
Mto wenyewe, ikifika Agosti,
watu huuvuka kwa miguu na mbwa wao.

Bi Eufemia Baca wa nyumba ya pili,
miaka themanini na miwili, kofia ya marehemu mumewe kichwani,
alinitazama nikizunguka na kamba na vijiti
siku mbili.
Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sijui nani alimwambia:
ya tatu alinivushia sururu juu ya ua.

Ukoka una mizizi kama deni;
ukidhani umelipa, kuna lingine chini.
Nikaukata vipande, nikaviviringisha
kama mikeka baada ya arobaini.
Mgongo ukaniuliza umri, nikaudanganya.
Halafu sururu ikatoboa bomba,
maji yakaruka mpaka dirisha la sebule.
Nuriati akafungua pazia, akacheka, akalifunga,
nami huku na huko natafuta koki,
kumbe imo ndani ya kisanduku ardhini,
na juu yake kalala buibui mweusi
mwenye doa jekundu tumboni.
Tuliangaliana. Maji yakaendelea.

Juu ya udongo nikatandaza maboksi:
la friji, la kitanda, na mengine ishirini na sita
kutoka hospitali ninakofua mashuka usiku.
Juu ya maboksi, changarawe,
tani nne, ambazo dereva wa lori alizimwaga zote
mbele ya mlango wa gereji
akanitakia siku njema.

Mhina, miaka tisa, alikaa kizingitini
na mpira mapajani.
"Sasa nitaanguka wapi?"
Hakuuliza atacheza wapi.
Nikamwachia kipande, hatua sita kwa nne.
Manispaa ikapunguza fidia yake.
Sawa.

Kitaluni walinionyesha mimea isiyojua kiu.
Mmoja ulinirudisha nyuma.
"Huu ni agave," alisema muuzaji,
kama mtu anayetambulisha wageni.
Mgeni gani? Mkonge huo.
Mfupi, mnene, wa kijivu, lakini ukoo haupotei:
ule mwiba mweusi kwenye ncha.

Baba yangu, Hoza Semkiwa,
aliukata miaka thelathini na mmoja nje ya Korogwe,
majani thelathini tita moja,
na hesabu ya mnyapara kila jioni
ilikuwa na tita pungufu.
Utomvu ulimla vidole. Wali alikula kwa kijiko,
si kwa uzungu,
chumvi ya mchuzi ilikuwa inamchoma.
Aliniapisha: soma, usije ukaushika.

Nimelipa dola thelathini na nne kuushika.
Nimeuchimbia shimo siku yangu ya mapumziko,
bila mnyapara, bila ngurumo ya korona,
nikaushindilia udongo kwa kisigino.
Ulinidunga kiganjani hata sijamaliza.

Usiku nilimtumia baba picha:
changarawe, mawe matatu, mkonge katikati,
umesimama kama wenye nyumba.
Alipopiga simu hakusalimu.
Nilisikia redio yake, na kikohozi,
na kimya nilichokiogopa tangu utotoni.

"Umeuachia nafasi?" akasema.
"Unapanuka huo. Usiupande karibu na njia."
Kisha:
"Na ncha zikate. Una mtoto."

Asubuhi niliazima mkasi kwa Bi Eufemia
nikazikata, moja moja, kwa glavu.
Ankara ya Septemba iko mezani.
Bado sijaifungua.